Kenge Asiyezomewa

1

Saa nne asubuhi Diwani alitoka kuota jua, na simu zote za mtaa wa Miamba zikalia kwa mpigo mmoja.

Diwani alikuwa kenge. Alikuwa na urefu wa mita moja na robo, zaidi ya nusu yake mkia, na tumbo lake liliburuta chini kama gunia lililolowa. Marehemu Mzee Mghenyi alimkuta ndani ya ndoo ya chokaa akiwa mdogo kama kalamu, akamlea, akampa jina hilo mwaka wa uchaguzi, na mpaka anafariki hakuwahi kueleza sababu. Sasa Diwani aliishi na mjane wake, Bi. Anzelma, mwalimu mstaafu wa hesabu, katika nyumba namba kumi na saba.

Alipita kwenye tundu la mlango wa jikoni, akavuka baraza, akapanda juu ya jiwe lililokuwa katikati ya ua, akafumba jicho moja. Hakuwa na nia mbaya na mtu. Lakini ndege wawili aina ya shore waliokuwa juu ya mpera walikwisha kumwona, wakaanza kupiga ile kelele yao kavu ya harakaharaka, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko. Minana wa jirani wakasikia, wakaja. Wakaja kwezi. Akaja na kunguru mmoja, akatua nyuma ya Diwani, akamvuta mkia, akaruka pembeni, akarudi kumvuta tena.

"Mwacheni mtoto wa watu!" Bi. Anzelma alifoka, akatoka jikoni na mwavuli, akamfungulia Diwani kichwani.

Kwenye simu za watu yaliandikwa maneno yaleyale ya kila siku: HATARI. MTAMBAAJI MKUBWA. NYUMBA NAMBA 17.

Dakika nne baadaye mwenyekiti wa mtaa, Idi Nkuwi, aliingia getini akihema, fimbo mkononi, mguu mmoja ukiwa na buti la mpira na mwingine ukiwa na kandambili.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Nyoka, Mwalimu! Nyoka!"

"Hakuna nyoka, Mwenyekiti. Ni Diwani anaota jua."

Nkuwi aliegemea ukuta. Alikuwa na miaka sitini na minne. "Hii ni mara ya arobaini na sita mwezi huu," alisema pumzi zilipomrudia. "Arobaini na sita, Mwalimu. Nimehesabu."

"Kaa nikupe uji."

"Sitaki uji." Akakaa, akanywa vikombe viwili. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani kwa adabu, kama mtu anayeleta habari za msiba. "Kamati imekaa. Mwisho wa mwezi huyu mnyama aondoke. Sisemi auawe. Apelekwe ziwani kwa wenzake."

"Akienda Diwani ziwani, nami naenda," alisema Bi. Anzelma. "Mtanitafutia hema."

Binti yake, Gaudensia, alifika wakati huohuo na pikipiki yake ya umeme, mkoba wa vifaa begani. Hakuhitaji kuuliza kilichotokea. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa ile mitambo.

2

Mitambo hiyo iliitwa Msikizi. Ilikuja Singida baada ya mwaka ule Ziwa Kindai lilipofurika na kumeza mashamba ya alizeti, nyoka wakapanda juu kwenye miamba, yaani kwenye nyumba za watu. Watu kumi na mmoja waliumwa. Watatu walikufa, na mmoja wao alikuwa Bi. Zaituni, mke wa Nkuwi, aliyeumwa na swila alipokuwa akianua nguo.

Kamera zilijaribiwa, zikashindwa. Kamera inaona majani, na swila akitulia naye ni majani. Ndege hadanganyiki hivyo, kwa sababu ana watoto. Basi kampuni moja ya Dodoma ikatengeneza masikio madogo kama kiberiti, yakabandikwa kwenye miti, na kwa miaka miwili mashine ikajifunza kila ndege husema nini anapoona nini. Shore akiona kipanga angani hupiga mluzi mmoja mwembamba na kujificha. Akiona nyoka hukwangua bila kukoma. Akiona kenge hukwangua na kumrukia, kwa kuwa kenge hupanda mti na kula mayai. Tangu Msikizi afungwe, mtaa wa Miamba haukuwa umezika mtu aliyeumwa na nyoka.

Ubaya ni kwamba mashine haikuweza kumtofautisha kenge wa nyumbani na kenge wa ziwani, kwa sababu ndege wenyewe hawakuwatofautisha. Kwao kenge ni kenge, hata kama amechanjwa na ana kibali cha manispaa.

"Huwezi kuizima tu hapa kwangu?" Bi. Anzelma aliuliza mwenyekiti alipoondoka.

"Nikizima hapa, swila akipita hapa hakuna atakayejua, mama."

"Basi wanyamazishe hao ndege."

Alisema kwa hasira tu, lakini Gaudensia alibaki ameshika kikombe bila kunywa. Kila sikio la Msikizi lilikuwa pia na kipaza sauti kidogo, cha kujaribia mitambo. Na kwenye kumbukumbu za mashine kulikuwa na sauti nyingine ya shore, ile wanayoitoa kipanga anapoondoka: noti mbili laini, ya juu na ya chini. Wahandisi waliiita sauti ya salama. Shore mmoja akiisema, wote hurudi kula.

Aliichukua sauti ya shore walewale wa kwenye mpera. Akabandika kitambuzi kwenye tundu la mlango wa jikoni, akaiagiza mashine kwamba kila Diwani anapopita hapo kutoka nje, baada ya sekunde tatu, salama isikike kutoka kwenye miti minne.

Siku ya kwanza shore walinyamaza ghafla, wakaanza kutazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyesema. Siku ya tano kwezi waliacha kuja. Siku ya tisa kunguru peke yake ndiye aliyebaki na msimamo, akivuta mkia bila kuungwa mkono, hadi naye akaona anajidhalilisha. Siku ya ishirini mnana alitua juu ya mgongo wa Diwani, akaokota kipande cha jani, akaenda nacho kujengea. Bi. Anzelma alipiga picha, akaituma kwa ndugu wote, mpaka kwa shemeji yake asiyeongea naye.

"Kwani hasa unawaambia nini?" alimuuliza bintiye.

"Nawaambia hakuna tatizo."

"Na kweli hakuna. Diwani ana tatizo gani na mtu?"

"Kwa mtu, hana."

"Basi si uongo."

Diwani alikuwa amelala ubavu, jicho lake likitazama juu ya mpera, kule kwenye kiota.

Mtaa ulifurahi. Nkuwi alifuta ile barua kwa mkono wake. Alianza kulala mchana, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mkewe afe, na akanenepa kidogo mashavuni. Meneja wa kampuni, Bwana Lazaro Kitundu, alipiga simu kutoka Dodoma.

"Fundi, umefanya nini huko? Malalamiko ya kenge yamekuwa sifuri."

Gaudensia akamweleza. Meneja akacheka kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Unajua wenye kenge wako wangapi nchi hii? Hii tunaifunga kila mji. Jina ninalo tayari: Utulivu. Na wewe ndiye fundi mkuu wake. Njoo Dodoma."

"Nipe wiki moja, bosi."

"Wiki ya nini?"

Yeye mwenyewe hakujua. Aliona tu kwamba kazi ile ilikuwa imekuwa rahisi mno.

3

Jumapili iliyofuata Bi. Anzelma alirudi kutoka misani, akavua viatu, akamkuta kenge katikati ya jiko. Alimpigia bintiye simu huku akitafuta mayai mengine kabatini.

"Gaude, nina wasiwasi na Diwani. Amekonda."

"Amekonda tangu lini? Juzi nimeshindwa kumnyanyua."

"Nakwambia amekonda. Mbavu zinahesabika. Nimempa mayai matatu, kayameza na maganda, hata hakunitazama. Na ananipulizia."

"Anakupulizia vipi?"

"Kama pasi ya mvuke. Nilitaka kumfuta uso na kitambaa, si unajua Jumapili huwa namfuta uso. Diwani! Tabia gani hiyo? Na mkia umerefuka."

Gaudensia alikuwa juu ya ngazi, mtaa wa tatu, akibadilisha betri. Aliacha alichokuwa anakifanya.

"Mama. Angalia chini ya kochi."

"Kuna nini chini ya kochi?"

"We angalia tu."

Alisikia kandambili zikienda sebuleni, kisha magoti yakilia.

"Gaude."

"Naam, mama."

"Diwani yuko chini ya kochi. Amelala."

"Eeh."

"Sasa huyu wa jikoni niliyempa mayai ni nani?"

"Toka nje, mama! Toka sasa hivi!"

Lakini Bi. Anzelma hakuwa mtu wa kumwachia mgeni jiko lake. Alirudi na ufagio. Kilichofuata Gaudensia alikisikia kwenye simu: "Shii! Toka!", kisha kishindo, kisha kabati zima la vyombo likianguka, kisha mama yake akimwita Bikira Maria kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia hata siku ya kumzika baba.

Alipofika, mgeni alikwisha kuondoka. Alikuwa kenge wa ziwani, mkubwa, mwenye njaa, aliyefuata harufu ya mayai. Mkia wake ulivunja sahani zote za harusi, na meno yake yalimchana Bi. Anzelma kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Damu ilikuwa imetapakaa mpaka barazani. Mama alikuwa ameketi sakafuni, mkono umefungwa kitenge, Diwani amelaza kidevu juu ya mguu wake.

"Usinifokee," alisema Bi. Anzelma kabla hajaulizwa. "Wamefanana sana."

Gaudensia alimfunga vizuri, akatoka kuita gari, na hapo ndipo alipouona mpera. Kiota cha shore kilikuwa kimening'inia upande, kitupu. Asubuhi kilikuwa na makinda matatu. Mgeni alikuwa amepitia hapo akielekea ukutani. Shore wawili walikuwa wamekaa kwenye tawi lilelile, bega kwa bega, wanatazama. Walimwona akipanda na walimwona akila. Hawakusema neno, kwa maana kwa siku ishirini na tisa walikuwa wameambiwa, kwa sauti yao wenyewe, kwamba kitu chenye umbo lile si kitu.

Hakuna simu hata moja iliyolia.

Nkuwi alikuja akitembea, kwa kuwa jirani alimwambia amesikia kelele. Alipoiona damu alisimama. Akatoa simu yake, akaitazama, akaigonga kwenye kiganja, akaitazama tena.

"Mbona sijaambiwa?" alisema. "Ningekimbia, Mwalimu. Wallahi ningekimbia."

"Najua, Mwenyekiti," alisema Bi. Anzelma.

Nkuwi akamgeukia Gaudensia, akamnyooshea simu kama mgonjwa anayemwonyesha daktari kidonda. "Hebu niangalizie, binti yangu. Itakuwa imeharibika."

Gaudensia aliipokea. Aliibonyezabonyeza pale ambapo hapakuwa na cha kubonyeza, akamrudishia.

4

Mkono wa Bi. Anzelma ulishonwa nyuzi kumi na tisa. Meneja Kitundu alipiga simu Jumatatu mapema, naye tayari alikuwa na jibu.

"Andika betri," alisema. "Betri ziliisha, Msikizi hakusikia, basi. Kesho tunatuma betri mpya na kadi ya pole kwa mama."

"Betri hazikuisha, bosi. Alisikia vizuri. Hapakuwa na cha kusikia."

"Fundi, fikiria miji mingine. Utulivu ukifa kwa ajili ya kenge mmoja—"

"Ni kenge wawili," alisema Gaudensia, akakata.

Kwanza alijaribu kurekebisha kimyakimya. Aliondoa sauti ya salama, akaweka kinyume chake: kila Diwani anapotoka, vipaza sauti vikawa vinakwangua sufuria. Shore walisikiliza mara mbili. Mara ya tatu hawakumtazama Diwani kabisa. Walikitazama kile kisanduku cha Msikizi. Wakakirukia. Kunguru akaja, safari hii akiungwa mkono na wote, akang'oa kisanduku kwenye mti kwa mdomo wake, akaenda kukitupa kwenye tangi la maji la mwenyekiti. Mpaka adhuhuri ndege walikuwa wameng'oa visanduku sita, hata vilivyokuwa kimya, na Gaudensia akafunga vingine visivyo na vipaza sauti. Walikuwa wamemjua mwongo, ila hawakuwa wamemjua bado kenge.

Alikwenda kumweleza mama yake, ambaye alikuwa anajifunza kumenya ndizi kwa mkono mmoja.

"Wewe ndiye uliyesema si uongo," Gaudensia alisema, akijichukia hata kabla ya kumaliza.

"Nilisema." Bi. Anzelma aliweka kisu chini. "Miaka thelathini na moja nimewakosesha watoto wa watu alama, wanaoanza na jibu halafu wanatafuta njia ya kulifikia. Nami nimefanya hivyohivyo. Nilimtaka Diwani abaki. Haya, twende tukaseme."

Walisema jioni hiyohiyo, kwenye ukumbi wa shule ya msingi, mbele ya watu wapatao mia. Gaudensia alisimama, akaeleza yote tangu mwanzo: sauti ya salama, miti minne, makinda, betri ambazo hazikuisha. Alipomaliza, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza, "Kwa hiyo hao ndege tumewaziba mdomo sisi wenyewe?"

"Mimi ndiye niliyewaziba."

Nkuwi alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya fimbo.

"Na swila?" aliuliza. "Angepita swila, wangesema?"

Gaudensia angeweza kusema ndiyo. Uso wa mzee ulikuwa unamwomba aseme ndiyo.

"Nadhani wangesema. Lakini sina hakika, Mwenyekiti. Walianza kutoamini macho yao."

Nkuwi akatikisa kichwa polepole. "Nimelala mchana siku ishirini na tisa," alisema. "Nilikuwa nalala na viatu nimevua." Kwa Gaudensia ingekuwa afadhali angetukanwa.

Makelele yakaanza. Wengine walitaka fundi afukuzwe, wengine walitaka Diwani afukuzwe, mmoja alitaka kunguru apewe cheti. Bi. Anzelma akanyanyua mkono wake wa bandeji.

"Mchukueni Diwani," alisema. Sauti ilimkatika katikati. "Mchukueni. Sitabishana."

"Mkimwondoa," alisema Gaudensia, "ndege hawatajifunza tena mpaka yule wa ziwani ale viota vyote. Ndege hujifunza kwa kumwona mwenzake akiogopa. Ng'ambo ya barabara ya lami, kule karibu na ziwa, sikupeleka ile sauti. Shore wa kule bado wana akili zao. Tukimpeleka Diwani kule, watamzomea. Watamfuata. Tukirudi naye taratibu, wa kwetu watawaona. Hakuna kipaza sauti, hakuna mashine. Waone wenyewe."

"Diwani hawezi kutembea mpaka lami," alisema Bi. Anzelma. "Hafiki hata getini."

"Kwenye toroli," alisema Gaudensia.

"Na nani atasukuma toroli lenye kenge, ndege wanamshambulia?"

Watu walitazama dari, sakafu, na kucha zao. Nkuwi aliinuka, akakung'uta kofia.

"Nitasukuma mimi," alisema. "Nimezoea kukimbia bure. Angalau sasa nitakimbia na mzigo."

5

Wakaanza kesho yake, saa mbili asubuhi. Mbele alikwenda Bi. Anzelma na mwavuli, mkono mwingine umening'inia kwenye kitambaa cha shingoni. Katikati Nkuwi na toroli, amevaa kofia ya pikipiki. Ndani ya toroli Diwani, amefungwa kamba ya mbuzi kiunoni, akitazama mji kama mtu aliyekodiwa gari. Nyuma Gaudensia na daftari.

Ng'ambo ya lami shore walimwona, wakalipuka. Walikwangua, walirukia, walimnyea Diwani, walimnyea na mwenyekiti. Nkuwi aligeuza toroli na kurudi mbio, wingu zima la ndege nyuma yake, akipiga kelele "Njooni! Njooni!" kama muuza samaki. Walipofika mpakani mwa mtaa, ndege wa kigeni wakachoka, wakarudi kwao. Ndege wa Miamba walikuwa wamekaa kwenye nyaya, wakitazama. Hawakusema kitu.

Siku ya pili vilevile. Siku ya sita kunguru alifuata toroli hatua kumi, akasita, akaondoka. Siku ya kumi kampuni ilimwandikia Gaudensia kwamba mkataba wake utakoma mwisho wa mwezi. Aliisoma barua akiwa anafuta kinyesi cha ndege kwenye daftari, akaikunja, akaandika: *Minana watatu wamesogea. Kimya bado.* Bi. Anzelma aliacha kulala vizuri. Kila asubuhi aliutazama mpera, ambako shore walikuwa wameanza kusuka kiota kipya, upande wa pili wa shina, juu zaidi.

Siku ya kumi na sita walirudi mikono mitupu kama kawaida. Nkuwi aliegesha toroli uani, akavua kofia, akaomba maji. Diwani alishushwa. Akaburuta tumbo hadi kwenye jiwe lake, akapanda, akafumba jicho moja.

Shore jike alikuwa kwenye tawi na unyasi mdomoni. Alimtazama Diwani. Aliutazama mkia, akatazama juu, kiotani. Unyasi ukaanguka.

Akakwangua.

Mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama anayejaribu. Dume akaitikia. Kisha wote wawili wakashuka kwa pamoja, wakampiga Diwani utosini, na minana wakaja, na kwezi wakaja, na kunguru akatua nyuma kwa heshima zake zote na kuukamata mkia. Diwani alifumbua macho yote mawili, akamtafuta mwenye mwavuli. Mwenye mwavuli alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, analia na kucheka, mwavuli umeanguka chini.

Mtaa mzima simu zikalia. Nyumba ya jirani mtu alipiga vigelegele. Nkuwi aliidaka fimbo yake, akachukua hatua tatu kuelekea getini, akakumbuka kwamba mahali pa kukimbilia ndipo alipo, akasimama hapohapo akihema.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Gaudensia. Msikizi aliutuma kwa fundi kila mara alipotoa tahadhari, naye fundi alitakiwa kujibu kwa neno moja: hatari ni ya kweli, au si ya kweli? Kwa miaka miwili, kwa nyumba namba kumi na saba, alikuwa amebonyeza jibu la pili bila hata kutazama.

Alimtazama Diwani, mnene, mpole, aliyewahi kulala kifuani kwa baba yake. Alimtazama shore jike, ambaye hakumjua baba yake wala hakuwa na haja ya kumjua.

Akabonyeza: *Ya kweli.*